Vipindi 144 vya watoto 50: bakteria wa koo wanapohusishwa na OCD

Februari 1998 jarida la American Journal of Psychiatry lilichapa maelezo ya watoto 50 waliochunguzwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, NIMH, iliyoko Bethesda, Maryland. Kazi hiyo iliongozwa na Susan Swedo, daktari wa watoto. Baadhi ya watoto hao walikuwa na OCD, ugonjwa wa mawazo yanayomng'ang'ania mtu na matendo anayojikuta akiyarudiarudia. Wengine walikuwa na tiki, ile hali ya kope, bega, shingo au sauti kujikutua bila mwenyewe kupenda. Wengine walikuwa na vyote viwili. Tiki zilianza wakiwa na umri wa wastani wa miaka 6.3 na OCD miaka 7.4, na wavulana walikuwa zaidi ya mara mbili ya wasichana.

Watoto wenye OCD wako kila mahali. Hawa walitofautishwa na namna ugonjwa ulivyowaingia. Kwa kawaida OCD ya mtoto hunyemelea: miezi inapita mama akidhani mwanawe ni mtoto msafi tu, mpaka siku anapoona mikono imechubuka kwa sabuni. Kwa watoto wa Bethesda ugonjwa ulikuja kwa kishindo. Mzazi aliweza kutaja wiki yenyewe, wengine hata siku. Mtoto aliyekuwa akilala peke yake anaanza kumganda mama, hataki hata aende chooni bila yeye. Usiku ni hofu, na kabla ya kulala kuna taratibu zisizoisha. Shuleni anashuka, mwandiko wake unaharibika, hasira na kilio vinapokezana. Kisha baada ya wiki au miezi dalili zinapungua, mtoto anarudi kuwa yule wa zamani, na siku nyingine zinalipuka upya.

Swedo na wenzake wakahesabu vipindi 144 ambavyo dalili zilianza au zilizidi ghafla. Katika vipindi 45, sawa na asilimia 31, palikuwa na uthibitisho kwamba mtoto alikuwa na maambukizi ya streptokokasi wa kundi A, bakteria wa kawaida sana kwenye koo za watoto. Katika vipindi 60, sawa na asilimia 42, mtoto aliumwa koo au alikuwa na dalili za mafua, lakini hakuna aliyechukua sampuli ya koo.

Kila ninapokisoma kisa hiki nakwama kwenye hiyo 60. Vipindi vilivyokosa kipimo ni vingi kuliko vilivyothibitishwa. Pamba moja inayopitishwa nyuma ya koo, siku ileile mtoto alipougua, ingetuambia kama kulikuwa na streptokokasi au virusi tu vya mafua. Haikupitishwa, kwa sababu vingi vya vipindi hivyo vilisimuliwa baadaye kwa kukumbuka, na ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kudhani kwamba koo la Jumatatu lingekuja kuhusiana na vilio vya usiku vya wiki iliyofuata. Mabishano yote yaliyofuata kwa zaidi ya miaka 25 yameota kwenye pengo hilo.

Dhana yenyewe haikuzuka hewani. Mwaka 1686 daktari Mwingereza Thomas Sydenham alieleza ugonjwa wa watoto ambao viungo vyao vinachezacheza bila mpangilio, mtoto akinyanyua kikombe mkono unakwenda kombo, ulimi hautulii mdomoni. Leo tunaujua kama korea ya Sydenham, na tunajua ni tawi la homa ya rumatiki, ugonjwa uleule unaovimbisha viungo na kuharibu valvu za moyo. Chanzo chake ni streptokokasi wa kundi A. Maumivu ya viungo hufika wiki mbili tatu baada ya koo kuuma, lakini korea inaweza kuchelewa hata miezi sita, wakati ambapo familia imeshasahau kama kulikuwa na koo.

Swedo alianza kwa watoto wa korea. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba dalili za OCD ni nyingi zaidi kwa watoto wenye korea kuliko kwa wale wenye homa ya rumatiki bila korea. Fernando Asbahr na wenzake wa São Paulo, Brazil, wakaja na matokeo ya namna hiyo mwaka 1998: kati ya watoto 30 wenye korea, 21 walikuwa na dalili za OCD, kati ya 20 wenye homa ya rumatiki isiyogusa ubongo, hakuna hata mmoja. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika habari hii. Bakteria ni wale wale na homa ni ile ile. Pale ugonjwa ulipofika kwenye ubongo, OCD ilikuja nao.

Swali la Bethesda likawa hili: je, kuna watoto ambao ubongo wao umeguswa kidogo tu, kiasi cha kuleta OCD na tiki bila korea kamili? Mwaka 1995 kundi hilohilo lilikuwa limeeleza wavulana wanne wa miaka 10 hadi 14, waliougua ghafla baada ya maambukizi na kupata nafuu ya haraka walipopewa tiba za kutuliza kinga ya mwili. Maelezo ya 1998 ndiyo yaliyoipa hali hiyo jina PANDAS, kwa herufi za mwanzo za maneno yake ya Kiingereza, na kuiwekea vigezo vitano: kuwepo OCD au tiki; kuanza kati ya miaka mitatu na kubalehe; kuja ghafla na kwa vipindi; kuhusiana kwa wakati na streptokokasi; na kuwepo dalili za neva wakati wa mlipuko.

Hicho cha mwisho wengi wanakiruka, nacho kinapimika bila mashine yoyote. Mtoto anasimamishwa wima, miguu pamoja, mikono ameinyoosha mbele, macho ameyafumba. Ukitazama vidole vyake kwa utulivu utaviona vikichomoka kimoja kimoja, kidogo sana, kama vinabonyeza vitufe vya kinanda. Mtoto mwenye korea kamili haishii hapo. Mpe vidole vyako viwili avibane: nguvu inakuja, inalegea, inakuja tena, bila yeye kujua kama anaachia. Huyo si wa PANDAS tena. Huyo ana homa ya rumatiki mpaka ithibitike vinginevyo, na moyo wake unatakiwa kupimwa kwa ekografia, picha ya mawimbi ya sauti, hata kama hajawahi kulalamika kifua.

Kinachodhaniwa kutokea ndani ni hiki. Streptokokasi wana vitu kwenye ukuta wao vinavyofanana na vitu vilivyo kwenye seli za binadamu. Kinga ya mwili inatengeneza kingamwili za kuwafuata, na kingamwili hizo zinakosea njia, kama watu wanaomkimbiza mwizi sokoni wakamkamata mpita njia aliyevaa shati la rangi ileile. Kwenye moyo, mpita njia ni valvu. Kwenye ubongo ni basali ganglia, mafungu ya seli yaliyo ndani kabisa yanayosaidia kuanzisha na kusimamisha mienendo, na pia kumwambia mtu kwamba jambo limekwisha, mlango umefungwa, mikono ni safi. Mwaka 2003 maabara ya Madeleine Cunningham wa Oklahoma ilionyesha kwamba kingamwili kutoka kwa mgonjwa wa korea zinashika sukari iliyo kwenye ukuta wa streptokokasi na zinashika pia mafuta yaliyo juu ya seli za neva, tena zinaziamsha seli hizo.

Lakini kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na kingamwili hazipiti kirahisi. Jibu moja lilitoka kwa panya mwaka 2016: walipoambukizwa streptokokasi puani tena na tena, seli fulani za kinga zilisafiri kutoka puani hadi kwenye ubongo kwa kufuata njia ya neva za kunusia, zikakilegeza kizuizi hicho, na kingamwili zikaingia. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba kingamwili za watoto wenye PANDAS zinashika kwa wingi aina moja ya seli za striatamu, sehemu ya basali ganglia, na kupunguza utendaji wa seli hizo. Njia ipo, basi, na inaanza kuonekana hatua kwa hatua. Kwamba njia ipo hakuthibitishi kwamba mtoto fulani aliye mbele yako ameugua kwa kuipita.

Ugumu ni kwamba streptokokasi wako kila mahali. Ukipima koo za watoto wazima wasiolalamika lolote, takriban asilimia 12 utawakuta nao. Wamewabeba tu. Kwa hiyo mtoto aliyepata OCD kwa sababu nyingine kabisa, ukipima koo lake, anaweza kukutwa na streptokokasi kwa bahati tu. Kipimo cha damu cha ASO, kinachopima kingamwili dhidi ya streptokokasi na ambacho wazazi wengi hupewa karatasi yake na kuambiwa "hii imepanda", kina matatizo yake. Kingamwili hizo hufika kileleni wiki tatu hadi sita baada ya maambukizi na zinaweza kubaki juu kwa miezi. Namba moja kubwa inasema mtoto aliwahi kukutana na streptokokasi. Haisemi ni lini, wala haisemi walifanya nini. Namba mbili zilizochukuliwa kwa wiki kadhaa kati yake, ya pili ikiwa imepanda sana, ndizo zinazosema kitu.

Kuna kliniki moja ambako pamba ilipitishwa kwa wakati. Rochester, New York, madaktari wa watoto Marie Lynd Murphy na Michael Pichichero waliwafuata kwa miaka mitatu watoto waliofika na dalili za ghafla pamoja na maambukizi ya koo, na mwaka 2002 wakaeleza 12 kati yao. Wengi walikuwa na hofu ya vijidudu na kunawa mikono kupita kiasi. Walipewa antibayotiki, bakteria wakaondoka kooni, na dalili za OCD zikaisha upesi. Nusu yao dalili zilirudi baadaye, na ziliporudi streptokokasi walikuwepo tena kooni. Kundi hilo ni dogo, halina watoto wa kulinganisha nao, na dalili za vipindi hushuka zenyewe hata bila dawa. Hata hivyo naupa kisa hiki nafasi kubwa, kwa kuwa kipimo kilichukuliwa siku ya ugonjwa na si kwa kukumbuka.

Ukipanua uwanja picha inakuwa ngumu zaidi. Roger Kurlan na wenzake waliwafuata watoto 40 wenye PANDAS pamoja na 40 wenye OCD au tiki za kawaida, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Milipuko mitano tu ya dalili ndiyo iliyotokea ndani ya wiki nne za maambukizi ya streptokokasi. Yote mitano ilikuwa kwa watoto wa PANDAS, idadi kubwa kuliko ile ambayo bahati ingeleta. Lakini zaidi ya robo tatu ya milipuko ya watoto haohao haikuwa na streptokokasi yeyote jirani. Wanaoiamini PANDAS huinukuu ile mitano, wanaoipinga huinukuu robo tatu, na wote wanasoma ukurasa mmoja.

Denmark, ambako kila mtu ana namba moja ya kitambulisho na kumbukumbu za afya zinaunganishwa, walichambua watoto zaidi ya 1,000,000. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba waliowahi kukutwa na streptokokasi kooni walikuwa na hatari ya OCD iliyozidi kwa asilimia 51, na ya tiki kwa asilimia 35. Ni namba kubwa, ila izingatiwe kwamba OCD yenyewe si ya watoto wengi, na hata baada ya nyongeza hiyo watoto wengi mno walioumwa koo hawakupata chochote. Kuna la pili linalosemwa kwa nadra: walioumwa koo wakapimwa na kukutwa hawana streptokokasi nao hatari yao ilipanda, ingawa kwa kiasi kidogo. Hiyo inatupeleka kwenye wazo kwamba kichocheo kinaweza kuwa vurugu ya kinga yenyewe, vyovyote ilivyoanza. Ndiyo maana mwaka 2012 Swedo na wenzake walipendekeza jina pana zaidi, PANS, lisilodai chanzo. Linaangalia OCD iliyoingia ghafla, au mtoto kugoma kula ghafla, pamoja na angalau dalili nyingine mbili kali zilizokuja wakati huohuo, kama vile kushuka shuleni, kurudia tabia za utotoni, kukosa usingizi au kukojoa mara kwa mara.

Upande wa tiba, jaribio la kwanza kubwa lilichapwa kwenye The Lancet mwaka 1999. Watoto 29 walimaliza: wengine walibadilishiwa utegili, yale maji ya damu yanayobeba kingamwili, wengine walipewa dripu ya kingamwili zilizokusanywa kwa wachangia damu wengi, wengine walipewa dripu isiyo na dawa. Baada ya mwezi mmoja dalili za OCD zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 58 kwa kundi la kwanza na 45 kwa la pili. Waliopewa dripu tupu walibaki karibu palepale. Habari ilisambaa, na kwa wazazi waliokuwa wamekata tamaa ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Ila kubadilisha utegili hakufichiki, kila mtu chumbani anajua nani anapata nini.

Ilichukua miaka 17 kulirudia jaribio la dripu ya kingamwili ipasavyo. Mwaka 2016, kwa watoto 35, alama za OCD zilishuka kwa asilimia 24 kwa waliopewa dawa na 12 kwa waliopewa dripu tupu, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema dawa imefanya kazi. Swedo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi, na nawaheshimu kwa kuyachapa matokeo yasiyowabeba. Kuhusu penisilini ya kinga, jaribio la 1999 la watoto 37 halikuona tofauti. Lakini watoto waliendelea kupata streptokokasi hata katika miezi ya kumeza penisilini, kwa hiyo hata kinga yenyewe haikupatikana ipimwe.

Sasa mlete mtoto huyu kwetu. Ana miaka minane, ameanza ghafla kunawa, kuuliza swali moja mara ishirini, kumlilia mama mlangoni. Mtaani atasemwa ana jini au amerogwa, na kwa familia ya Kiislamu anayerudia udhu ataambiwa ana wasiwasi na ahimizwe kumtaja Mungu. Simdharau anayesema hivyo. Hata hospitali zetu nyingi hazina daktari wa akili wa watoto. Ninachoomba ni kwamba neno "ghafla" likitamkwa na mama, mhudumu asimame hapo. Aulize tarehe. Aangalie koo na achukue sampuli siku hiyo, kama kipimo kipo. Amsimamishe mtoto anyooshe mikono. Asikilize moyo.

Akikutwa na streptokokasi, atibiwe dozi kamili ya siku 10 ya penisilini au amoksilini, bila kusubiri mabishano ya Marekani yaishe. Penisilini bado inawaua bakteria hawa, na ikianzishwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma inazuia homa ya rumatiki. Kwetu hilo peke yake latosha kuwa sababu. Kaskazini mwa Uganda, jaribio la watoto 818 waliokuwa na dalili za awali za ugonjwa wa valvu bila kujijua lilionyesha kwamba sindano ya penisilini kila mwezi ilibakisha asilimia 0.8 tu waliozidiwa katika miaka miwili, dhidi ya 8.2 kwa wasiochomwa. Bakteria wa Bethesda ndio haohao wanaojaza wodi zetu za moyo. Halafu bado kuna nyumba ambako mtoto akilalamika koo hupelekwa kukatwa kimio, akirudi na jeraha, na streptokokasi wake wako palepale.

Antibayotiki za miezi kwa miezi kwa mtoto asiyekutwa na bakteria sizikubali. Wala sikubali OCD yenyewe isubiri majibu ya maabara. Tiba yake inajulikana na haijali chanzo: mtoto anashika kitasa cha mlango anachokiogopa, kisha anakaa bila kunawa, mtaalamu au mzazi aliyefundishwa yuko naye, mpaka hofu ishuke yenyewe, kesho anashika tena. Katika jaribio la Marekani la 2004 lenye watoto na vijana 112, tiba hiyo pamoja na dawa ya setralini iliwafikisha karibu asilimia 54 kwenye nafuu kamili, dhidi ya chini ya asilimia 4 kwa waliopewa vidonge vitupu. Hakuna dripu wala antibayotiki ya PANDAS iliyowahi kuonyesha pengo kubwa namna hiyo kwenye jaribio lililofichwa vizuri. Familia iliyouza shamba kutafuta dripu nje ya nchi, wakati hakuna aliyewafundisha zoezi la kitasa, imehudumiwa vibaya. Na familia iliyopewa zoezi hilo bila mtu kuangalia koo wala vidole vya mtoto nayo imehudumiwa nusu.